Folda Iliyopauka

Alhamisi hiyo, kwenye saa tatu asubuhi, Selestine aliingia studio ya Bartolomeo pale Makanyagio akiwa amebeba sura yake mwenyewe kwapani. Alikuwa ameifunga kwa kanga ya shemeji yake na hakuwa na haraka ya kuifungua. Alisalimia kwanza. Aliuliza habari za nyumbani, akaulizwa za msiba kule Kasokola, akasema msiba upo, watu wamejaa, kaka yake atazikwa saa nane mchana. Ndipo alipoilaza fremu juu ya meza ya kukatia picha na kuifunua kanga taratibu.

Mariana, mke wa Bartolomeo, alikuwa amesimama pale mezani na mkasi mkononi, anakata picha za pasipoti za mwanafunzi mmoja. Aliitazama fremu, akamtazama Selestine, akarudi tena kwenye fremu. Uso ulikuwa mmoja. Chini ya uso huo palichorwa msalaba mdogo na kuandikwa jina la Katekista Lyamba, mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa.

"Mama Agatha," Selestine alisema, "mimi nipo hapa. Aliyekufa ni kaka yangu."

Akaeleza yaliyotokea. Picha aliifuata kijana wa bodaboda jana jioni, ikafika msibani imefungwa gazeti, ikawekwa ndani hadi asubuhi. Kulipokucha wakaitoa, wakaiweka mezani mbele ya jeneza pamoja na maua. Wajukuu ndio walioanza kupiga kelele. Bibi mmoja wa ukoo akasema mtu akishaandikiwa kifo chake na kuwekwa mbele ya watu, basi anaitwa huyo. Selestine mwenyewe alikuwa anapasua kuni nyuma ya nyumba. Alipofika mbele, wanawake walimpisha njia kama wanaogopa kumgusa. Gaudensia, mjane wa marehemu, alivua kanga yake ya juu akaifunika ile picha, akamwambia airudishe mjini kabla jua halijapanda.

Theopista, anayeuza maandazi kwenye baraza ya studio, alikuwa ameshaingia kuona kulikoni. Alipoelewa, aliziba mdomo kwa kiganja, lakini mabega yalikuwa yanatikisika. Mariana alijua kwamba hadi saa sita mchana hakutakuwa na mtu Makanyagio ambaye hajasikia jinsi Bartolomeo alivyomzika mtu aliye hai.

Bartolomeo alitoka chumba cha ndani, kule iliko kompyuta, akasimama ameshika mwimo wa mlango. Aliomba aione hiyo picha. Alipopewa, aliisogeza hadi ikakaribia kugusa pua, akaigeuzia kwenye mwanga wa mlangoni, akaipeleka mbali, akairudisha tena karibu. Mariana alikuwa hajawahi kumwona akitazama picha namna hiyo. Mtu huyu alikuwa na sifa mji mzima kwamba anaweza kukwambia aliyepigwa picha alikuwa amekula au ana njaa.

"Mbona ni yeye?" Bartolomeo alisema.

Selestine hakukasirika. Alisogea hatua moja. "Bartolomeo, hebu nitazame."

Bartolomeo aliinua uso kuelekea sauti ilikotoka. Macho yake yalitua kwenye kalenda ya ukutani, shibiri mbili kando ya bega la Selestine, yakabaki hapohapo. Theopista aliacha kucheka. Alitoka nje bila kuaga.

Selestine ndiye aliyerudi kwenye shida iliyomleta. Alisema mjane hataki mengi, anataka picha aliyoiomba tangu Jumanne: ile ya siku ya komunyo ya kwanza, marehemu amevaa koti la kijivu. Za kwenye simu zipo, lakini ni za siku za ugonjwa, amebaki mifupa, na Gaudensia hataki watu wamuage akiwa vile. Bartolomeo akajibu kwamba ile ya koti la kijivu haipo. Alishaifuta. Ndiyo maana alitafuta nyingine.

"Basi tafuta tena," Selestine alisema kwa upole. "Naenda sokoni kuchukua mchele wa msibani. Nitapita saa sita."

Kanga ya shemeji yake aliikunja akaichukua. Fremu aliigeuza kifudifudi, akaiacha mezani. Alisema hawezi kupita nayo barabarani mara ya pili.

Mariana alifunga mlango wa mbele, jambo ambalo halikuwahi kufanyika asubuhi ya siku ya kazi, akamfuata mumewe chumbani. Alimkuta amekaa kwenye kiti chake mbele ya kompyuta, mikono juu ya mapaja. Hakumpigia kelele. Alimwuliza tu, tangu lini.

Tangu Kwaresma ya mwaka juzi, Bartolomeo alisema. Ilianza pembeni, kama picha iliyoungua kingo, ukungu ukawa unasogea katikati kidogo kidogo. Alikwenda hospitali peke yake siku aliyoaga anakwenda kununua karatasi. Wakamwambia ni presha ya macho, wakampa dawa ya matone, wakasema dawa itazuia yanayobaki, lakini yaliyokwenda hayarudi. Chupa ya matone alikuwa anaificha kwenye mfuko wa kamera. Wateja aliwajua kwa sauti. Herufi za kompyuta vidole vilizijua vyenyewe. Picha alizitafuta kwa namba na kwa kukumbuka ziko mstari wa ngapi, na za Lyamba na mdogo wake zilifuatana.

Mariana alisikiliza huku mambo ya miaka miwili yakijipanga upya kichwani: chai iliyomwagwa nje ya kikombe, shati lililovaliwa nje ndani, mkono unaopapasa ukuta wa koridoni. Yote alikuwa ameyaita hasira na uzee. Mara ngapi alimgombeza.

Chumba hicho alikijua kabla hakijawa cha kompyuta. Alipoolewa, kilikuwa chumba cha giza. Madirisha yalizibwa kwa blanketi jeusi, taa ilikuwa moja, nyekundu, na mezani palikuwa na mabeseni matatu ya dawa. Filamu za rangi zilipakiwa kwenye treni kwenda kusafishwa Tabora na kurudi baada ya wiki, lakini picha nyeusi na nyeupe Bartolomeo alizisafisha mwenyewe, na Mariana ndiye aliyeshika koleo. Alizamisha karatasi tupu kwenye beseni, akaitikisa taratibu, na uso wa mtu ukaanza kuja: kwanza nyusi, halafu macho, halafu kola ya shati. Walikuwa wakikisia ni nani kabla hajakamilika. Bartolomeo alikuwa anashinda karibu kila mara, na akishinda anacheka, na harufu ya ile dawa ilikaa kwenye nywele za Mariana hadi Jumapili, watu wa kwaya wakimtania kwamba amejipaka siki.

Halafu miaka ishirini iliyopita ikaja kompyuta. Blanketi likatolewa, mabeseni yakaenda kufulia nguo. Mariana akahamia meza ya mbele, kukata na kuandika majina kwenye daftari. Bartolomeo hakumfukuza, wala hakumwambia asiingie. Ila kiti kilikuwa kimoja, na mashine ilisema Kiingereza, na yeye alikuwa ameishia darasa la saba.

"Ondoka hapo," alimwambia sasa. "Nikae mimi. Wewe useme."

Bartolomeo aliinuka. Alihamia kwenye kigoda, mgongo ukutani, akaanza kumwelekeza kama anavyomwelekeza mtu njia ya nyumbani kwao. Shika mausi, usiibane, ni kitu chepesi. Chini kushoto kuna folda ya manjano, ibonye mara mbili. Mshale ulikuwa unamkimbia Mariana, unapotelea pembeni ya kioo, na kila ulipopotea alikuwa anaiinua ile mausi hewani kuutafuta. Mwishowe kioo kikajaa mistari ya herufi ndogo na namba, zote zinafanana, safu juu ya safu.

"Sioni picha," alisema. "Naona maandishi tu, kama majina ya wapiga kura."

Bartolomeo alisema ndivyo alivyoipanga, maana kompyuta ni nzee na picha zikionekana zote inachoka. Kama anataka kuziona, abonye kulia mahali patupu, atafute neno linaloanza na V, kisha la juu kabisa kwenye orodha itakayofunguka. Mariana alitafuta herufi kwa kidole kwenye kioo, akalisoma neno kwa Kiswahili, vi-e-wi, akabonya. Mashine ilinguruma. Mistari ikafutika, mahali pake pakatokea visanduku vyeupe vikubwa, vitupu. Halafu, kimoja baada ya kingine, vikaanza kuingia watu.

Mariana aliiachia mausi. Bartolomeo aliuliza vipi, imekwama?

"Haijakwama," Mariana alisema. "Wanakuja."

Walikuwa wanakuja kweli. Harusi za Kasokola na Makanyagio, maharusi waliokwisha kuachana na waliokwisha kufa. Watoto wa ubatizo ambao sasa wanaendesha bodaboda. Mwalimu aliyehamishwa, amesimama mbele ya pazia lililochorwa maporomoko ya maji na ndege inapita juu. Mariana alifungua mwaka baada ya mwaka, akimtafuta mtu wa koti la kijivu, na alimwona Lyamba mara mbili: mara moja amegeuka mgongo, mara nyingine amefumba macho. Karibu naye, mwaka uleule, alikuwepo Selestine ameketi wima, anatazama kamera kama mtu asiyedaiwa.

Saa ya ukutani ilisema saa tano kasoro. Hapakuwa na koti la kijivu. Mariana alizunguka tena folda zote, na mwisho akakunja mikono.

"Mama wa watu anamzika mume wake," alisema. "Anaomba sura moja tu."

Bartolomeo alikuwa ameinamisha kichwa. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Sikuzifuta."

"Hukufuta nini?"

"Za mtoto. Nilizificha tu. Ya katekista iko humo."

Hakuwa na haja ya kusema mtoto gani. Agatha, binti yao wa kwanza, aliingia nyumba ya watawa ana miaka kumi na minane, na siku aliyopokelewa Bartolomeo alipiga picha hadi betri ikaisha. Aliitundika moja studio, kubwa, juu ya mlango. Kila mteja alionyeshwa. Miaka miwili baadaye Agatha alitoka utawani, akaolewa na mvuvi wa Ikola, na aliyeleta habari alikuwa mteja aliyekuja kupiga picha ya kitambulisho. Alizisema mbele ya foleni nzima, huku anacheka. Bartolomeo aliishusha ile picha kubwa siku hiyohiyo. Albamu ya nyumbani aliitia kwenye moto wa jiko, Mariana anatazama, na za kwenye kompyuta akasema amezifuta zote. Tangu hapo akaacha kumwita mkewe Mama Agatha, jina alilomwita miaka ishirini. Akaanza kumwita Mama Edgar, kwa mtoto wao wa pili, kama vile uzazi wa kwanza haukuwapo.

Miaka sita. Mariana alikuwa na kitochi, simu ndogo ya batani isiyopokea picha. Sauti ya binti yake alikuwa nayo, kwa siri, siku Bartolomeo akienda kanisani. Sura ilikuwa imeanza kumtoka, hasa ya utotoni. Aliweza kukumbuka gauni, aliweza kukumbuka viatu, lakini akifika usoni alikuta pametanda kitu kama mvuke.

"Niambie pa kubonya," alisema.

Bartolomeo alisema. Juu kushoto, neno linaloanza na O. Orodha itashuka, twende kwenye lile refu la katikati. Kitafunguka kidirisha kidogo. Kichwani mwake kuna vipande vitatu, bonya cha pili. Sasa shuka. Kuna viduara viwili vinafuatana, kimoja kimejazwa. Mariana alisoma neno lililokuwa hapo, akalivunja vipande: hi-de-ni. Bartolomeo alisema ndilo. Jaza kile kiduara kingine. Kisha bonya sawa. Kioo alikuwa hakioni, na hakukosea hata hatua.

Kidirisha kilijifunga. Kwenye kioo, kati ya folda za manjano zilizokuwapo tangu asubuhi, ilikuwapo nyingine ambayo haikuwapo. Ilikuwa ya manjano vilevile, lakini imepauka, nusu inaonekana, mithili ya kitenge kilichoanikwa juani misimu mingi. Chini yake paliandikwa jina la mtoto wao kwa herufi kubwa.

Mariana aliifungua. Visanduku vyeupe vikajipanga, na cha kwanza kilipoingia sura alisimama, akapita mlango wa nyuma hadi uani. Alisimama kwenye pipa la maji. Alinawa uso, akanawa tena. Alitamani kumpiga. Alitamani pia kurudi haraka, isije ile mashine ikajifunga. Alipoingia ndani alimkuta Bartolomeo hajasogea pale kigodani.

"Nimesahau sura ya mwanangu," Mariana alisema. "Kila usiku nalala najaribu kuikumbuka. Na wewe ulikuwa nayo humu, upande wa pili wa ukuta."

"Sikuwa nazifungua," Bartolomeo alisema. "Nilijua tu kwamba zipo." Akafuta jicho kwa kiganja. "Mwaka jana, ile Pasaka, nilizifungua. Nikakuta naona kivuli."

Mariana alivuta kiti. Hakumsamehe, hakuwa na nafasi ya kufikiria mambo ya kusamehe saa hiyo. Alianza tu kusema anachokiona, kwa kuwa alikuwa anatafuta koti la kijivu, na kwa kuwa yule aliyekaa kigodani alikuwa ameelekeza sikio. Agatha amebeba bata. Agatha hana meno ya mbele, amekaa juu ya karia ya baiskeli. Agatha na Edgar wanagombea mhindi wa kuchoma.

"Hapo nyuma yupo mbwa," Bartolomeo alisema. "Kulia. Mkia tu ndio unaonekana."

Mariana alisogea karibu. Mkia ulikuwapo.

Wakaendelea hivyo. Yeye anasema kilicho mbele, mumewe anaongeza kilicho pembeni: ndoo iliyopinduka, kivuli cha mpiga picha chini, mkono wa Theopista akiwa bado mwembamba. Mariana alijikuta humo pia. Alikuwa amebeba sinia la mchele wa sikukuu, anacheka na mtu ambaye hakuingia kwenye picha. Aliuliza alikuwa anamchekea nani. Bartolomeo alisema, mimi. Nilikuwa nimekwambia sinia limekaa upande, nalo halikuwa limekaa upande.

Saa sita kasorobo koti la kijivu likatokea. Katekista Lyamba alikuwa amesimama mbele ya kanisa, mnene, ameshiba afya, kola imemkaa sawa, uso umefunguka. Mbele yake alisimama Agatha wa miaka kumi, gauni jeupe, taji la maua ya karatasi, mshumaa mkononi. Mkono mzima wa kulia wa katekista ulikuwa umetua kwenye bega la mtoto.

Mariana alimwambia mumewe ameipata, akamweleza ilivyo.

"Mkate mtoto," Bartolomeo alisema. "Kuna alama ya mkasi pale juu kwenye kioo. Mbakize katekista peke yake."

"Mkono wake uko begani kwa Agatha. Nikimkata mtoto, nitamkata na marehemu mkono."

Nje Selestine alikuwa anabisha hodi. Alibisha mara ya pili.

"Basi iache," Bartolomeo alisema.

Printa ilichukua muda wake, ikaitoa karatasi kidogo kidogo, maua kwanza, halafu koti. Mariana alikata kingo kwa mkasi wake wa kila siku, akaiondoa kwenye fremu sura ya Selestine na kuingiza ile mpya. Selestine aliipokea kwa mikono miwili. Alivua kofia. Alisema huyu ndiye, akasema tena huyu ndiye, na alipomfikia mtoto aliyekuwa mbele ya kaka yake hakusema kitu, ingawa alimjua. Alichosema ni kwamba bajaji iko nje na ina nafasi ya watu wawili, na mjane angefurahi.

Bartolomeo alitaka kubaki. Mariana alikuwa ameshachukua kanga mbili na kofia ya mumewe. Kabla hawajatoka, Bartolomeo alikumbuka jambo, akamwomba arudishe mipangilio ya kompyuta kama ilivyokuwa, asije mtu akaikuta ile folda. Mariana alisema ataiacha hivyohivyo. Alikizima kioo, akamshika mkono, na kwa mara ya kwanza mbele ya watu wa Makanyagio Bartolomeo akakubali kushikwa. Theopista aliwatazama wakipita. Aliinuka akaondoa ndoo yake ya maandazi njiani.

Kasokola maturubai yalikuwa matatu na bado watu walisimama juani. Mashamba ya mahindi yalikuwa yamevunwa, mabua yamelala, na vumbi la pikipiki za waombolezaji lilikuwa halitulii. Selestine aliibeba picha kifuani, wazi, ili kila mtu aione, akaiweka mezani mbele ya jeneza. Gaudensia alisogezwa karibu na wanawake wawili. Alimtazama mumewe, akalinyoosha koti la kijivu kwa kidole juu ya kioo, kama anatoa uzi. Kisha akakaa chini kwenye mkeka na kulia vizuri, kilio ambacho tangu asubuhi kilikuwa kimemkwama.

Watu walipanga mstari kuaga. Bibi yule wa ukoo, aliyesema asubuhi kwamba Selestine anaitwa, alikuwa wa mwisho mwisho. Masikio yake yalikuwa mazito na kwa hiyo alisema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. Alimsifu marehemu alivyopendeza. Halafu akainama.

"Na huyu mtoto ni wa nani?"

Wengi pale walijua. Wanawake waliokaa karibu na Mariana walishusha macho mkekani. Mmoja alianza kumvuta bibi kiwiko, bibi akagoma, akauliza tena, ni wa nani huyu, mbona hatumwoni hapa na katekista alimpenda hivi?

Mariana alifungua mdomo. Lakini upande wa benchi la wanaume kulikuwa na mtu anainuka. Bartolomeo alisimama, mkono mmoja kwenye bega la Selestine aliyekaa jirani yake. Hakuwa ameelekea sawasawa. Uso wake ulitazama nguzo ya turubai. Alivua kofia.

"Ni mwanangu," alisema. "Anaitwa Agatha. Katekista ndiye aliyemfundisha."

"Yuko wapi?"

"Yuko Ikola. Ameolewa huko."

Bibi alisema sawa, Mungu amtunze, akaendelea na mstari. Padri alikohoa, akafungua kitabu. Bartolomeo alibaki amesimama kidogo zaidi ya ilivyohitajika, halafu Selestine akamshika koti akamkalisha. Mariana hakumtazama. Aliangalia kucha za mikono yake mwenyewe hadi wimbo ulipoanza, naye akaimba.

Walirudi kwenye saa kumi na moja, wao wawili tu kwenye bajaji, jua limeshuka upande wa kushoto. Bartolomeo alisema kesho itabidi abandike tangazo kwamba studio imefungwa. Mariana alisema kesho ana picha nne za pasipoti za kutoa, na kwamba yeye akae kigodani amwambie pa kubonya. Bartolomeo alisema mwanga wa pasipoti si mchezo. Mariana alisema beseni la dawa nalo halikuwa mchezo. Bajaji ikaruka shimo, wakashikana wasidondoke.

Karibu na mjini Bartolomeo aliuliza, akiwa amegeukia barabarani, "Hivi gari la Ikola siku hizi linaingia saa ngapi?"

"Saa tisa," Mariana alisema. "Siku za soko linachelewa."

Bartolomeo hakumwuliza ameijuaje ratiba hiyo. Mariana alitoa kitochi kwenye fundo la kanga. Bartolomeo alizisikia batani zikibonyezwa, moja moja, namba zote kumi, na hakumwambia aache.